Tulifungua ofisi ya usimamizi wa miradi mara mbili: ya kwanza ilikufa kwa wingi wa fomu, ya pili ipo hai

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimeona mara kadhaa watu wakiuliza namna ambavyo kampuni ya ukubwa wa kati inaweza kuanzisha ofisi ya usimamizi wa miradi, na majibu mengi huanza na programu gani ya kompyuta inunuliwe. Mimi nimeifanya kazi hii kwa miaka sita katika kampuni ya usambazaji wa vyakula jijini Dar es Salaam, yenye wafanyakazi wasiofika 300, ambayo jina lake halihitajiki hapa. Katika miaka hiyo ofisi imefunguliwa mara mbili, na tofauti ya ile iliyokufa na hii iliyopo haikutokana na programu.

Kabla sijaendelea, naomba tuelewane kuhusu jina. Wenzetu wa nje huiita PMO, kifupi cha Kiingereza cha Project Management Office, na wapo wanaotumia kifupi hicho hata hapa nchini, lakini kwa Mtanzania PMO ni Ofisi ya Waziri Mkuu. Nilipobandika herufi hizo tatu mlangoni, mgeni mmoja aliyeleta barua aliniuliza kama tumekodisha chumba kwa serikali. Tangu siku hiyo mlango umeandikwa «Ofisi ya Miradi», basi.

Chanzo cha yote kilikuwa rafu za chuma. Idara ya ghala iliagiza rafu kutoka China kwa ajili ya ghala jipya la Kibaha, wakati idara ya majengo ilikuwa na mkandarasi wake aliyekuwa akimwaga sakafu ya zege ya ghala hilohilo. Kila idara ilikuwa na mpango wake, na kila mpango ukiusoma peke yake hukuti kosa. Kontena liliingia bandarini siku ya 12 tangu sakafu imwagwe. Zege huhesabiwa kufikia nguvu yake ya kipimo baada ya siku 28, na mhandisi alikataa katakata kutoboa matundu ya boliti kabla ya siku hizo, kwa kuwa rafu iliyojaa mafuta ya kupikia na unga ingeng'oa boliti pamoja na kipande cha sakafu. Kwa hiyo rafu hazikuwa na pa kwenda. Siku za bure zikaisha, tukaanza kulipa tozo ya kuhifadhi mzigo bandarini na tozo ya kuchelewesha kontena la wenye meli, kila siku iendayo kwa Mungu. Nilipowafuata wakuu wa idara hizo mbili, kila mmoja alifungua kompyuta na kunionyesha ripoti yake ya mwezi, na zote mbili zilisema kuwa mradi unakwenda vizuri. Hakuna aliyesema uongo. Ila hapakuwa na mtu hata mmoja katika kampuni nzima ambaye kazi yake ilikuwa kuziweka ripoti hizo mbili juu ya meza moja.

Mkurugenzi akaagiza ifunguliwe ofisi, nami nikapewa. Nikahudhuria mafunzo, nikarudi na faili nene, na ndani ya miezi miwili nilikuwa nimetengeneza fomu 14: fomu ya wazo la mradi, andiko la mradi, hati ya kuidhinisha mradi, daftari la vihatarishi, daftari la masuala, ripoti ya wiki, ripoti ya mwezi, na nyingine ambazo leo nikiziona naona haya. Wakuu wa idara walizijaza Ijumaa jioni, saa kumi na nusu, wakiwa tayari wameshika funguo za gari. Nilijua mambo yameharibika pale nilipopokea ripoti ya mradi wa magari ambayo juu ya ukurasa bado ilikuwa na kichwa cha mradi wa majokofu. Mhusika alikuwa amenakili ya mwenzake na kubadilisha tarehe. Ilikuwa ni funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu mwenyewe nilikuwa mimi. Baada ya miezi minane ofisi ilikufa bila hata barua ya kuifunga. Meza yangu ilihamishiwa idara ya ununuzi, na faili nene likatumika kuegeshea mlango.

Mwaka mmoja na nusu baadaye tulianza upya, na safari hii hatukuanza na fomu, bali kwa kuhesabu. Menejimenti iliamini kuwa kampuni ina miradi 9. Sikuwauliza wakuu wa idara, kwa sababu mkuu wa idara atakutajia miradi anayoipenda. Nilikwenda uhasibuni nikakaa na mhasibu siku tatu, tukapitia hati za malipo, oda za ununuzi na masurufu ya miezi 12. Palipoonekana fedha iliyotoka kwa kazi isiyo ya kila siku, tulifuatilia ni kazi gani, nani aliiomba na imefikia wapi. Tulipata miradi 23. Kisha mbele ya kila mradi tukaandika majina ya watu wanaotegemewa kuufanya, na hapo ndipo chumba kilipokuwa kimya: fundi mmoja wa mtandao wa kompyuta, kijana mtaratibu asiyejua kukataa, alikuwa ametajwa katika miradi 8. Idara nane zilikuwa zikimlalamikia kwa uvivu, na hakuna idara iliyojua habari za nyingine.

Siku ile ile menejimenti ilifunga miradi 5 ambayo hakuna aliyeweza kusema nani atatumia matunda yake, ikasimamisha 7 isubiri zamu, ikabaki 11. Kama ofisi isingefanya jambo jingine lolote mwaka huo, ningesema imelipia mishahara yake.

Ninawaandikia haya kwa kirefu kwa sababu naona watu wengi wanadhani kuwa kazi ya ofisi hii ni kufanya miradi iende haraka. Kwa uzoefu wangu, kazi yake ya kwanza ni kuipa menejimenti uwezo wa kusema hapana, au kusema subiri, ikiwa na orodha kamili mbele yake.

Sasa kuhusu mamlaka. Mwongozo wa taasisi ya Marekani ya usimamizi wa miradi, PMI, katika toleo lake la 6 la mwaka 2017, unazigawa ofisi hizi katika aina tatu: ofisi saidizi, ambayo inatoa ushauri, vielelezo na mafunzo, ofisi dhibiti, ambayo inataka utaratibu fulani ufuatwe na inakagua kama umefuatwa, na ofisi elekezi, ambayo inaichukua miradi yenyewe na kuisimamia. Ofisi yangu ya kwanza ilikuwa saidizi kwa mamlaka lakini ikijifanya dhibiti kwa wingi wa fomu, na watu waliligundua hilo mapema sana. Ya pili ni dhibiti kweli, na udhibiti wake umekaa mahali pamoja tu, mlangoni pa fedha. Kila mradi umegawanywa katika hatua, na mkuu wa fedha hatoi fedha za hatua inayofuata mpaka aone karatasi moja yenye muhuri wetu. Nilihangaika miezi miwili kulipata kubaliano hilo, na bila hilo nisingekubali kuirudia kazi.

Karatasi yenyewe ina maswali matano. Mwenye mradi ni nani, yaani kiongozi atakayeulizwa ukiharibika? Nani anausimamia siku kwa siku? Kitu gani kimekamilika ambacho mtu anaweza kwenda kukigusa au kukijaribu? Hatua inayofuata inahitaji nini kutoka idara nyingine, na idara hiyo imekubali tarehe gani? Fedha iliyotumika inalingana na kazi iliyofanyika? Swali la tatu ndilo lililoondoa ugonjwa wa asilimia. Zamani mtu aliandika asilimia 90, na asilimia 90 hiyo ikakaa wiki sita. Siku hizi anaandika «mageti mawili kati ya matatu yamefungwa na yanafunguka», na mimi naondoka na pikipiki kwenda kuyafungua. Swali la nne ni la zile rafu.

Jambo la mwisho kwa leo ni kalenda. Ofisi yetu ina ukurasa mmoja ukutani unaoonyesha nyakati ambazo hatubadilishi kitu kikubwa. Mwezi wa Ramadhani na wiki za kuelekea Krismasi mauzo ya vyakula hupanda, kwa hiyo hakuna kugusa mfumo wa mauzo wala kuhamisha ghala. Kuanzia Machi hadi Mei ni masika, kwa hiyo kazi za paa na za msingi hazipangwi kana kwamba mvua ni dharura, maana si dharura, inakuja kila mwaka. Na mwisho wa kuwasilisha ritani ya VAT ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo wiki hiyo mhasibu asiombwe kujaribu mfumo mpya. Mshauri tuliyemlipa awali alituachia kitabu cha kurasa nyingi kisichokuwa na hata moja kati ya tarehe hizi.

Karibuni kwa maswali na kwa kukosoa.

Mchangiaji wa kwanza (mhasibu)

Mkuu, uzi wako umetulia, lakini niruhusu nizungumze kama mtu wa fedha. Huo muhuri wako mlangoni pa fedha ni ngazi nyingine juu ya ngazi tulizonazo tayari. Mkandarasi amemaliza hatua, amepeleka hati ya madai, mhandisi amethibitisha, mhasibu ameangalia makato ya kodi ya zuio, na sasa inabidi asubiri ofisi yako nayo iridhike. Wakandarasi wadogo wanaishi kwa malipo ya wakati. Je, hamjawahi kuwakwamisha?

Mleta uzi

Mkuu, tumewakwamisha, na lawama ilikuwa ya haki. Katika miezi ya mwanzo karatasi moja ilikaa mezani kwangu siku tisa kwa sababu nilikuwa safarini Mbeya, na fundi wa umeme akawaondoa vijana wake kazini. Tulirekebisha kwa kanuni mbili. Ya kwanza, muhuri wetu unahusu kufungua hatua mpya, hauhusu kulipa kazi ambayo imekwisha kufanyika na kuthibitishwa. Deni ni deni. Ya pili, ofisi ina siku mbili za kazi, na zikipita bila jibu mkuu wa fedha anaruhusiwa kuendelea kana kwamba tumeridhia. Kanuni hiyo ya pili imetunyoosha sisi kuliko ilivyowanyoosha wao.

Kuhusu gharama, tupo wawili: mimi na msaidizi ambaye zamani alikuwa karani wa ghala. Hatuna gari, na programu tunayotumia ni jedwali la kawaida la kompyuta ambalo kampuni ilikuwa nalo tayari.

Mchangiaji wa pili (afisa ufuatiliaji na tathmini)

Natokea upande wa mashirika yasiyo ya kiserikali, ambako kila andiko lina bango kitita lake, yaani jedwali la malengo na viashiria vya mradi, na viashiria hivyo vinajulikana kabla mradi haujapata hata ofisi. Naona mleta uzi ameiweka pembeni kabisa tathmini ya matokeo. Kugusa geti na kuona kuwa linafunguka ni kupima zao la kazi. Je, nani katika kampuni yenu anauliza kama ghala la Kibaha limepunguza gharama za kusambaza, ambayo nadhani ndiyo sababu ya kulijenga?

Mleta uzi

Swali lako limegusa pale tunapolegea. Mradi ukikabidhiwa, watu hupeana mikono, hupiga picha, na faili hufungwa. Tulichofanya tangu mwaka juzi ni kumtaka mwenye mradi aandike mwanzoni sentensi moja yenye kipimo: gharama ya kufikisha katoni moja Morogoro ni kiasi gani leo, na anaahidi itakuwa kiasi gani miezi sita baada ya makabidhiano. Miezi sita ikifika, sentensi hiyo inasomwa tena kikaoni, yeye akiwepo. Hadi sasa tumezisoma nne. Mbili zilitimia, moja ilikaribia, na ya nne mwenye mradi alikuwa ameshahamia kampuni nyingine. Ninakubali kwamba huo si mfumo kamili, na ninyi wa bango kitita mmetutangulia mbali katika jambo hili.

Mchangiaji wa tatu

Nachangia kidogo upande wa historia, kwa kuwa baadhi ya wasomaji wanaweza kudhani kuwa hili ni jambo la kigeni lililoletwa na washauri wa juzi. Jeshi la majini la Marekani lilianzisha ofisi ya miradi maalumu mwaka 1955 kwa ajili ya kombora la kurushwa kutoka baharini, kazi iliyozaa kombora la Polaris, na ilipofika 1958 ofisi hiyo ilikuwa imetoa mbinu ya PERT, ile ya kuchora kazi kama mtandao na kutafuta njia ndefu kuliko zote. Julai 1960 kombora lilirushwa kutoka chini ya maji. Na sisi wenyewe mwaka 2013 tulikuwa na mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, uliochukua utaratibu wa Malaysia, ambako ofisi ya namna hiyo iliundwa mwaka 2009. Na kabla yao Uingereza ilikuwa na kitengo kama hicho kwa Waziri Mkuu wake tangu 2001. Sekta za mpango wetu zilikuwa sita: kilimo, elimu, maji, nishati, uchukuzi na ukusanyaji wa mapato. Wataalamu wa wizara mbalimbali walifungiwa pamoja katika kile kilichoitwa maabara mpaka watoke na mpango mmoja wenye tarehe. Nilivyouelewa uzi huu, rafu na sakafu zingekutana maabara.

Mleta uzi

Nashukuru sana kwa mchango huu. Hilo la kuwafungia watu pamoja tumeliiga kwa kiwango chetu: kabla mradi wowote wenye idara zaidi ya mbili haujapewa fedha ya kwanza, wahusika wote hukaa siku moja nzima katika ukumbi wa ghala, simu zikiwa kwenye kikapu, na kila mmoja anabandika ukutani vikaratasi vya kazi zake. Ikitokea karatasi ya mmoja inasubiri ya mwingine, karatasi hizo mbili zinaunganishwa kwa uzi wa sufu. Mara ya kwanza watu walicheka, mpaka nyuzi tisa zilipoelekea kwenye karatasi moja ya kibali cha ujenzi ambayo hakuna aliyekuwa ameanza kuishughulikia.

Mchangiaji wa nne

Mimi nina biashara ya samani Mombasa, wafanyakazi 15. Je, niajiri mtu wa kazi hii? Na je, atafutwe mwenye cheti cha PMP au cha PRINCE2?

Mleta uzi

Hapana, ndugu yangu, usiajiri. Kwa watu 15 inakutosha orodha ya miradi yote ukutani na nusu saa ya Jumatatu asubuhi ya kuipitia, ilimradi wewe mwenyewe uwepo. Ukianza kusahau mradi mmojawapo bila kusoma ukuta, hapo fikiria upya.

Vyeti si vibaya. Cha kwanza kinatolewa na PMI na kinapima pia uzoefu wa mhusika. Cha pili kilitokana na utaratibu wa serikali ya Uingereza na kinasisitiza hatua na sababu ya kibiashara ya kuufanya mradi, jambo ambalo nimelitumia sana. Lakini yule karani wa ghala hana hata kimoja, na ndiye anayejua kuwa mtu wa ghala akisema «kesho» anamaanisha baada ya kuhesabu mali, yaani Alhamisi.

Mchangiaji wa tano

Mkuu, yote umeyaeleza vizuri, ila kuna moja umeliruka na nadhani ndilo wengi tunalitaka. Miradi inayoua kampuni zetu si ya wakuu wa idara. Ni ile ambayo bosi ameiona safarini, akarudi nayo, na hakuna wa kumwambia kitu. Mmewahi kuusimamisha mradi wa mkurugenzi mwenyewe?

Mleta uzi

Mara moja, na hatukuusimamisha sisi.

Alirudi kutoka safari akiwa na wazo la kufungua tawi la vyakula vilivyogandishwa Mwanza, lenye vyumba vya baridi na magari mawili ya jokofu. Mkataba wa pango la jengo ulikuwa karibu kusainiwa. Sikwenda kumwambia kuwa wazo ni baya, na kusema kweli sikuamini kuwa ni baya. Nilimpelekea karatasi yetu ya maswali matano ikiwa tupu, kama ninavyompelekea mtu mwingine yeyote, nikamwomba aijaze kabla ya kikao cha Jumanne. Alinitazama kwa muda, akaipokea.

Jumanne alikuja nayo ikiwa na majibu mawili. Mwenye mradi alikuwa ameandika jina lake. Msimamizi wa siku kwa siku aliandika jina la mkuu wa ghala, ambaye alikuwa ameketi upande wa pili wa meza na aliyekuwa tayari na miradi mitatu kwenye orodha yetu ya ukutani, mmoja ukiwa na alama nyekundu ya kukwama. Mkuu wa ghala hakusema neno, aliangalia tu ukuta, na mkurugenzi naye akageuka kuuangalia. Tulikaa hivyo kwa dakika nzima nadhani. Kisha akachukua kalamu, akakata jina la mkuu wa ghala, akaandika «isubiri hadi Kibaha ikabidhiwe», akasaini na kunisogezea karatasi.

Ilisubiri miezi 11. Tawi la Mwanza sasa limefunguliwa, likiwa na chumba kimoja cha baridi badala ya vitatu, na sentensi yake ya kipimo itasomwa kikaoni mwezi wa Septemba.